Reale Tisa za Bi Joha

Tumwagile alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili alipoanza kukusanya reale. Nyumba yake ya kulala wageni ilikuwa Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa: vyumba saba, uzio wa mabati, na banda la chakula mbele ambapo madereva wa malori walikunywa supu tangu alfajiri. Kiwanja aliachiwa na mumewe, Kasiani, dereva aliyefia kwenye mteremko wa Kitonga. Vyumba alivijenga mwenyewe, kimoja kimoja, kwa fedha ya chapati na maharage.

Hakuwa mzaliwa wa Mikumi. Baba yake alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya Kilosa, akaoa hukohuko, na Tumwagile akazaliwa kambini, katika safu ya nyumba ambazo ukuta mmoja ulitumiwa na familia mbili. Upande wa pili wa ukuta wao aliishi Bi Joha. Mama yake Tumwagile alipougua, Bi Joha ndiye aliyempikia mtoto uji, akamsuka nywele, akamwosha miguu kabla ya kulala. Baadaye mume wa Bi Joha alipata kazi ya kutengeneza njia ya reli, wakahamia upande wa Munisagara, lakini Tumwagile aliendelea kumwita mama, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Alipoanza kukusanya reale ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungua biashara. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa. Mitumba ikafika hadi vijijini, sabuni za kila rangi zikapangwa mezani, na kila aliyekuwa na kitu cha kuuza akauza. Kilichokosa kutulia ni shilingi. Tumwagile alikuwa akiweka akiba ya ada ya binti yake, Perpetua, aliyesoma sekondari ya bweni Morogoro. Mwezi Januari akiba ile ingetosha kununua bati ishirini. Mwezi wa nane, bila yeye kugusa hata noti moja, ilitosha kununua kumi na tatu.

Aliyemwonyesha reale alikuwa Beda, dereva wa lori la Zambia aliyelala kwake kila safari. Siku moja baada ya chakula cha mchana Beda alitoa mfukoni sarafu kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, akaiweka mezani. Ilikuwa nzito, nyeupe yenye weusi kwenye mikunjo, na juu yake palikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu mwenye kifua kikubwa na ushungi. Alisema ameinunua kwa mzee mmoja kule Mbeya. Zililetwa na misafara ya zamani, kabla ya Mjerumani, na ndani yake ni fedha, yaani madini yenyewe, si hiki kinachoitwa fedha siku hizi.

Tumwagile aliipima kwa kiganja, akauliza inafaa nini.

"Sonara wa Morogoro anaweka kwenye mizani na kukulipa uzito wake," Beda akasema. "Mama, kitu hiki hakiulizi waziri ni nani mwaka huu."

Wiki iliyofuata Tumwagile alipokwenda kumwona Perpetua shuleni, alipitia kwa yule sonara. Sonara hakumficha kitu. Alimwonyesha mizani, akamtajia bei ya reale moja kwa siku ile, akasema atazipokea zozote atakazoleta, na kwamba bei itapanda kila shilingi itakaposhuka. Tumwagile alirudi na basi la mchana akiwa anawaza. Twiga walikuwa wamesimama karibu kabisa na barabara, abiria wakainuka kuwaangalia, yeye hakuinua kichwa.

Angeweza kununua ng'ombe, lakini ng'ombe hufa. Angeweza kutafuta dola kwenye maduka ya kubadilishia fedha yaliyokuwa yameanza mjini, lakini dola alizisikia tu, hajui ya bandia na ya kweli. Reale aliiona ikipimwa. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Walio nazo ni nani? Ni vikongwe wa Kilosa na kando ya reli, waliorithi kwa bibi zao, wanaozitundika shingoni siku ya harusi na kuzirudisha sandukuni. Hawajui kwamba Morogoro kuna mizani. Akinunua kwao kwa bei ya sonara, hapati faida. Akinunua kwa bei ya chini, anapata. Hesabu ilikuwa nyepesi, na ndiyo iliyomfanya asiangalie twiga.

Aliamua kwamba atazikusanya, na atalipa vizuri. Kwa wale wa kwanza alijaribu. Kilosa mjini alipata reale nne kwa watu wawili, akalipa nusu ya bei ya sonara, akajiambia kwamba nusu nyingine ni nauli na taabu. Alizifunga kwenye kitambaa, akaziweka ndani ya kopo la kahawa, na kopo akalichimbia kwenye pipa la unga wa sembe. Kila baada ya siku chache aliingiza mkono kwenye unga kuhakikisha.

Ndipo akamkumbuka Bi Joha.

Kitongoji cha Bi Joha kilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka stesheni ya Munisagara, ng'ambo ya mto. Tumwagile alikwenda na treni ya Kilosa, akambebea doti moja ya khanga, sukari na mchele wa Tindiga. Bi Joha alikuwa amezeeka sana. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini aliijua sauti. Alimshika mikono yote miwili, hakuiachia mpaka wakaketi.

Walizungumza habari za kambini, za waliokufa na walio hai. Tumwagile hakutaja reale. Aliuliza tu kama bado ana vile vitu vya bibi yake, vile alivyokuwa akiwaonyesha wakiwa watoto. Bi Joha akacheka, akaingia ndani, akarudi na mkufu wa uzi mweusi. Zilikuwa tisa. Kila moja ilichomelewa kipete kidogo juu, pa kupitishia uzi. Zilitoka Ujiji shingoni mwa bibi yake, na kila msichana wa ukoo alizivaa siku ya kuolewa.

Bi Joha alizipapasa, akageuza uso kumwelekea.

"Wewe umetembea mijini, mwanangu," akasema. "Hizi zina thamani yoyote siku hizi?"

Tumwagile alijibu upesi, maana jibu alikuwa amekuja nalo tangu kwenye treni. "Dukani hazinunui kitu, mama. Ni kumbukumbu tu."

Halikuwa neno la uongo. Hakuna duka lililopokea reale. 

Bi Joha alisema basi, kama ni kumbukumbu tu, afadhali azichukue yeye, aliye kama mwanawe, ampe chochote. Alikuwa na haja moja: kununua sanda yake mwenyewe aiweke, siku ikifika asimsumbue mtu. Hakutaka kumwomba binti yake, Zaituni, ambaye naye alikuwa na shida zake. Akasisitiza kwamba Zaituni asijue. Tumwagile alitoa noti, akaongeza nyingine mbili ili moyo umtulie. Zote pamoja, na khanga, na sukari, hazikufika robo ya bei ya sonara. Bi Joha alimwombea dua ndefu, akamsindikiza hadi penye njia.

Miezi mitatu ilipita. Mvua za vuli zilipokwisha, alifika Mikumi mama mmoja aitwaye Hildegarda, mchuuzi wa vitunguu, anayepanda treni Munisagara. Alikuwa akila chapati na kuwasimulia wenzake mkasa wa kijijini kwao. Kulikuwa na harusi ya mjukuu wa Bi Joha. Siku ya kumpamba bibi harusi, Zaituni alifungua sanduku, mkufu haumo. Bibi kizee akaulizwa mbele ya wakwe, akasema hajui, ulikuwemo. Hapo watu wakamgeukia Ngassa.

Ngassa alikuwa kijana wa Kisukuma, mkulima na mfugaji, aliyehamia huko na mkewe Jenipher na ng'ombe wachache miaka miwili nyuma. Kila asubuhi alimpelekea Bi Joha maziwa, akaingia hadi ndani kwa sababu ya macho ya bibi. Kwa hiyo ndiye aliyekuwa akijua vilipo vitu. Majirani walimpekua nyumba, wakamwaga nafaka yake nje, wakakosa. Wakamweka chini kutwa nzima wakimhoji. Mwisho alitoa mtamba mmoja kwa ukoo wa Zaituni ili maneno yaishe, na watu wakasema kwamba mtu asiye na kosa hatoi ng'ombe.

"Wameshahama," Hildegarda akamalizia, akiomba chai nyingine. "Wako Tindiga sasa. Wale watu huwezi kuwajua."

Tumwagile ndiye aliyemimina chai ile. Aliimimina ikafurika hadi kwenye kisahani.

Alikaa na habari hiyo wiki nzima, kisha mwezi, kisha ukaanza mwezi wa pili. Alijipa sababu nyingi. Aliyesema uongo ni Bi Joha, si yeye. Akijitokeza, atamvunjia heshima mzee aliyemlea. Mtamba ameshatolewa, harusi imeshafanyika, kijana ameshahama, nini kitarudi? Na katika mwezi huohuo, mtu alipomletea reale mbili kutoka Kilosa, alizinunua. Aliziweka kwenye kopo na zile nyingine, akafunika unga. Lakini sasa sembe ya pipa lile hakuweza kuila. Aliwapikia wageni, yeye akala wali, na Perpetua alipokuja likizo akauliza kama mama anaumwa tumbo.

Siku moja mchana, banda likiwa limejaa, waliingia mwanamume na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Walikuwa wakisubiri gari la Iringa, wanakwenda msibani. Yule mwanamume alimwamkia shikamoo kwa kuinama kidogo, jinsi watu wa kanda ya ziwa wanavyofanya. Wakaagiza wali maharage sahani moja, wakala wote wawili. Tumwagile hakuwajua hadi mwanamke alipomwita mumewe kwa jina.

Ngassa alilipa. Kisha, kabla ya kutoka, aliuweka mfuko wake wa kitambaa juu ya meza, akaufungua wazi, akatoa shati, akatoa kopo la samli, akatoa nepi za mtoto, akazipanga moja moja.

Tumwagile akamuuliza anafanya nini.

"Naomba uangalie, mama," akasema kwa upole. "Pasije pakawa na maneno baada ya sisi kuondoka."

Jenipher aligeuza uso akaangalia barabarani. Watu wawili watatu walioketi karibu walicheka, wakidhani ni utani. Tumwagile hakuangalia ndani ya mfuko. Alisema hakuna haja, baba, rudisha vitu vyako; lakini Ngassa alisubiri kidogo, mikono ikiwa pembeni, kama mtu ambaye hajaruhusiwa bado. Ndipo akapanga upya vitu vyake, wakatoka.

Alitaka kuwafuata palepale, na hakuwafuata. Alisimama jikoni akishika ukingo wa meza mpaka gari lao likaondoka. Kesho yake alifunga banda, akalitoa kopo kwenye unga, akachambua reale tisa zenye vipete, akapanda gari la Kilosa, kisha treni.

Alimkuta Bi Joha peke yake, amekaa kibarazani akichambua mboga kwa kupapasa. Tumwagile alimwamkia, akaketi chini kwenye mkeka, akamwekea mkufu mapajani. Bi Joha aliutambua kabla vidole havijafika sarafu ya pili. Hakuuliza umerudi kwa nini.

Tumwagile akamweleza alivyomwona Ngassa. Bi Joha alilia, taratibu, bila sauti. Alisema siku ile mbele ya wakwe ulimi ulimteleza. Alidhani watatafuta kidogo na kuacha. Walipomtaja Ngassa alitaka kusema, lakini kila saa iliyopita ilifanya neno liwe zito zaidi. Tangu wamehama, hakuna tena anayemletea maziwa.

"Ngoja nife kwanza," akasema. "Si mbali. Nikifa utasema unachotaka."

"Siwezi kungoja, mama."

"Mkwe wangu ataniita mwongo uzeeni."

Tumwagile alisema kuna neno jingine, na lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Akamwambia habari za sonara, na mizani, na bei aliyotajiwa kabla hajapanda treni ile kuja kuzinunua.

Bi Joha aliacha kuchambua. Mboga zilikuwa bado mkononi.

"Kwa hiyo nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nikakuombea dua," Bi Joha akasema. Jioni Zaituni aliporudi shamba, Tumwagile alimweleza kwamba aliyeununua mkufu ni yeye.

Kesho yake Zaituni aliwaita wazee wa kitongoji na majirani waliompekua Ngassa. Tumwagile alisimama mbele yao, mkufu ukiwa juu ya kiti. Alisema alinunua reale hizi, alizinunua kwa kumdanganya mzee juu ya thamani yake, na kwamba yeye ndiye aliyemwapisha Bi Joha asimwambie mtu, kwa kuogopa bei isijulikane. Hilo la mwisho halikuwa kweli. Alikuwa amelipanga usiku kucha akiwa hana usingizi, kwa sababu aliona hawezi kumwacha Bi Joha asimame peke yake. Bi Joha alikuwa amekaa mlangoni. Alilisikia, hakulikanusha, na wala hakumshukuru. Watu walimtukana Tumwagile kiasi cha kutosha. Mzee mmoja akauliza kama anajua kwamba kilichomwagwa nje kwa Ngassa siku ile kilikuwa mahindi ya mwaka mzima, na mvua ilinyesha.

Zaituni alichukua mkufu. Mtamba, alisema, hana pa kumtoa. Aliuzwa, na fedha yake iliisha kwenye madeni ya harusi. Tumwagile akasema mtamba atamlipa yeye.

Zilibaki reale sita. Alizipeleka Morogoro. Sonara alizipima, akashangaa kwamba anauza, maana bei itapanda zaidi mwakani, akamshauri avumilie. Tumwagile alipokea noti bila kujibu. Hazikutosha. Aliongeza akiba ya bati za chumba cha nane, akamnunua mtamba mwekundu mnadani, na magunia mawili ya mahindi, akalipa watu wa kumswaga hadi Tindiga.

Alimkuta Ngassa akipalilia mpunga. Walikuwa wamejenga kibanda cha udongo, bado hakijakauka vizuri. Tumwagile alisema yote akiwa amesimama juani, kwa sababu hakutaka kukaribishwa kabla hajamaliza. Ngassa alimsikiliza hadi mwisho. Alimzunguka yule mtamba, akamshika nundu, akaangalia kwato.

Jenipher ndiye aliyesema. "Mama, siku ile hotelini kwako ulikuwa umeshajua?"

Tumwagile akakubali kwamba alijua, tena kwa zaidi ya mwezi.

"Na ukatupakulia chakula," Jenipher akasema. "Ukapokea na hela yetu."

Ngassa alimwambia mkewe inatosha. Akasema ng'ombe atampokea, na mahindi pia, asante. Lakini alikuwa na ombi. Habari ya Munisagara iliwafuata hadi Tindiga. Kanisani watu huwaachia benchi zima. Kama angekubali kukaa hadi Jumapili, amwombe mchungaji nafasi, aseme mwenyewe kwa kinywa chake. Tumwagile alikaa siku tatu. Alilala kwa mjane aliyeonyeshwa na mchungaji, kwa kuwa Jenipher hakumwambia alale kwao. Jumapili alisimama mbele ya watu asiowajua, akasema tena. Baadaye alikuwa akisema kwamba mara hiyo ilikuwa ngumu kuliko Munisagara, kwa sababu alipomaliza, watu walimpigia makofi, wakamsifu kwa ujasiri, na yeye akatamani angetukanwa. Jenipher hakupiga makofi. Ngassa alipiga, mara mbili tatu, akiangalia chini.

Chumba cha nane hakikujengwa hadi miaka minne baadaye. Muhula uliofuata Perpetua alikaa nyumbani wiki tano wakitafuta ada. Mama yake alimweleza sababu, yote, bila kuruka lile jibu alilompa Bi Joha siku ya kuzinunua. Perpetua alisema angefanya hivyohivyo kama angekuwa yeye, kwa ajili ya ada. Tumwagile alimjibu kwamba hilo ndilo linalomtisha.

Reale hakununua tena. Aliyefika nazo Mikumi alimwelekeza kwa sonara, akamtajia na bei. Beda alimcheka, alisema kama asingeacha kukusanya angekuwa ameshapandisha ghorofa. Huenda alisema kweli, maana shilingi iliendelea kushuka miaka yote ile.

Bi Joha aliishi miaka mingine mitatu. Kila Tumwagile alipopata nafasi alipanda treni, akampelekea sukari na dawa ya macho, na kila safari alipokelewa kibarazani kwa adabu zote. Alipoamkia, alijibiwa marahaba. Chai aliletewa. Ila Bi Joha hakumshika tena mikono, na kila walipoketi, aliuliza habari za treni, na mvua, na Perpetua, kama anavyoulizwa mgeni anayepita. Tumwagile alijibu kila swali kwa ukamilifu. Alikaa hadi karibu na saa ya treni, akaaga, akashuka peke yake kuelekea mtoni.